Mheshimiwa Ageuka Kijivu Kibuyuni

"Wananchi wote wa Pwani ya Kusini, kuanzia Diani hadi Shimoni, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba kuanzia Alhamisi hii hamtasumbuliwa tena na kitu chochote kisichostahili kuonekana. Programu ya picha iitwayo Rangi Teule, ambayo kwa miaka mingi imefanya kazi ndani ya kompyuta moja tu, sasa inahamia kwenye simu zenu. Kaeni tayari."

Tangazo hilo aliliandika Bwana Samuel Garama, Mkurugenzi wa Idara ya Mwonekano, kwa mkono wake mwenyewe, na alipolisoma kwa sauti machozi yalimlengalenga.

Rangi Teule si uchawi. Unaipa picha, unachagua rangi moja, rangi hiyo inabaki na kila kitu kingine kinageuka kijivu. Wapiga picha wa harusi pale Ukunda wanacho kitu kama hicho, nao huyabakisha maua mekundu ya bibi harusi, wakwe wote wakawa kama majivu ya jikoni. Idara iliona mbali zaidi ya harusi. Mheshimiwa, aliyekuwa mkubwa wa idara zote, hakuonekana hadharani bila shati lake la manjano. Basi picha zote rasmi zilibakishwa manjano peke yake, na chini ya kila moja pakaandikwa kanuni ambayo Garama aliitunga akiwa safarini kwenda kwenye semina: *Chenye rangi ni cha leo, cha kijivu ni cha zamani.*

Kanuni hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko wakandarasi wote. Barabara yenye mashimo ilihamishiwa zamani. Zahanati isiyokuwa na dawa ikawa historia, na historia, kama ajuavyo kila mtu, haina wa kumlaumu. Mwananchi akija kulalamika alioneshwa picha na kuambiwa kwa upole kwamba shida yake ilikwisha kitambo, ni yeye tu aliyechelewa kupata habari.

Sasa zamu ya simu ilikuwa imefika, na Garama alikuwa na sababu ya kutopata usingizi. Nafasi ya Katibu ilikuwa wazi. Mheshimiwa aliahidi kumtaja Katibu mpya jukwaani siku ya uzinduzi, na akamkonyeza Garama alipokuwa akiahidi. Mkewe, Eunice, alikwishawaalika ndugu wote wa Taru. Mjomba mmoja alikwishachinja mbuzi. Garama mwenyewe alijinunulia tai ya hariri ya manjano, ili siku hiyo kubwa asije akaachwa nyuma na picha.

Fundi wa programu, Ummi, alimfuata ofisini na swali moja.

"Shikamoo, Mkurugenzi. Kwenye simu, mwananchi atachagua rangi anayoitaka?"

"Marahaba. Achague ili iweje? Funga kwenye manjano. Ufunguo uwe mikononi mwa Kamati."

"Kamati ipi, bwana?"

"Itakayoteuliwa."

Ummi akafunga. Lakini hakuondoka. "Kuna jambo jingine. Kwenye kompyuta yetu nilikuwa nafuta kwa mkono vile tusivyovitaka. Kwenye simu hakuna wa kufuta. Kila cha manjano kitabaki. Na pale Kibuyuni kuna ile mitungi."

"Ummi, mitungi imekuwapo miaka yote, na miaka yote haionekani. Itaanzaje kuonekana leo?"

Ummi akarudi kwenye kompyuta yake.

Kibuyuni, wanakolima mwani, ndiko kulikochaguliwa kwa uzinduzi, kwa sababu ndiko lilikosimama Tangi la Maji la Maendeleo. Lilikuwa tangi zuri, jeusi, la kupendeza. Halikuwa limeunganishwa na bomba lolote, lakini katika picha jambo hilo halikuwahi kuleta tatizo. Mbele yake ilisimama foleni ya mitungi ya plastiki, ile ya manjano iliyokuja na mafuta ya kupikia, ikikata uwanja na kupotelea nyuma ya msikiti. Kila mtungi ulimshikia mwenyewe nafasi yake, maana wenyewe walikuwa na kazi za kufanya, na siku ya kupita lori la kuuza maji haikujulikana.

Alhamisi ikafika. Lori la maji la serikali lilikuja mapema kunyunyizia uwanja ili vumbi lisiwachafue wageni. Mheshimiwa alishuka garini akiwaka katika shati lake, na Garama akamwandama unyounyo, tai ikiwaka nayo.

Mwanapili, mwenyekiti wa akina mama wa mwani, alikuwa akiwangoja na kikundi chake, wote wamevaa leso za sare, za zambarau.

"Shikamoo, mama," Garama alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mgeni wetu hakai hivi hivi, lazima tumvishe."

Kabla walinzi hawajajua wafanye nini, Mheshimiwa alikuwa amefunikwa leso mpya ya zambarau, ikafungwa shingoni kwa fundo la uhakika na kuteremka hadi magotini. Vigelegele vikapigwa. Mheshimiwa alitabasamu, maana leso uliyovishwa na akina mama huivui mbele yao, na hawa walikuwa wapiga kura.

Garama alipanda jukwaani akaeleza mkakati jumuishi wa usimamizi wa mwonekano. Watu wakapiga makofi pale alipokohoa. Kisha Mwanapili akapewa simu apige picha ya kwanza, ambayo ingetokea papo hapo kwenye skrini kubwa na katika simu za wilaya nzima. Akawalenga wageni na tangi, akarudi nyuma kidogo ili apate wote, akabonyeza.

Skrini ikawaka.

Tangi lilikuwa jeusi. Jukwaa lilikuwa kijivu. Mheshimiwa, kuanzia kipara hadi magotini, alikuwa kijivu kitupu. Na mbele yake, ikimeremeta kama mahindi yaliyoanikwa, ilijipanga mitungi, mmoja baada ya mwingine, hadi nyuma ya msikiti. Pembeni kabisa ilionekana tai.

Mwanapili alilisoma polepole bango lililotundikwa juu ya skrini. "Chenye rangi ni cha leo, cha kijivu ni cha zamani." Akamgeukia mgeni kwa huruma ya kweli. "Pole sana, Mheshimiwa. Tulikuwa tumekuzoea."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Garama aliona ukatibu ukitoka uwanjani bila kuaga.

"Badilisha rangi," Mheshimiwa alinong'ona.

"Imefungwa, mkuu. Inafunguliwa na Kamati."

"Iite hiyo Kamati!"

"Haijateuliwa, mkuu."

"Basi ondoa mitungi!"

Garama akaukimbilia mtungi wa kwanza. Mkono wa Mwanapili ulitangulia kufika.

"Astaghafirullahi, mwanangu, mtungi wa mtu hauguswi. Mtungi hapa hautoki foleni mpaka ujae. Mwenyewe atapoteza zamu."

"Mama, nakuomba. Ni amri."

"Amri ni njema. Ijaze, utaona itakavyoondoka yenyewe."

Mheshimiwa alilitazama lori la maji lililokuwa bado linanyunyizia uwanja. Simu yake ilikuwa ikitetemeka mfukoni, chini ya leso, bila kupumzika. "Garama," alisema, "jaza."

Basi Mkurugenzi wa Idara ya Mwonekano akashika mpira wa maji. Ulikuwa umechanika karibu na mdomo, na maji yakawa yanamrukia usoni badala ya kuingia mtungini. Akina mama wakamshauri atafute kitu cha kuufungia. Garama alijipapasa mifukoni, hakupata kitu. Mwisho, kwa uchungu ambao hakujaribu kuuficha, aliivua tai ya hariri akaufunga mpira, akakaza kwa meno. Maji yakatulia, yakaingia.

Mitungi ikaondoka mmoja mmoja, mingine kichwani, mingine kwenye baiskeli, na lori likarudi kuchota tena mara nyingi kuliko dereva alivyotaka. Mtungi wa mwisho ulipovuka msikiti, Mheshimiwa alijiweka sawa mbele ya tangi, leso na yote. "Sasa piga," alimwambia Mwanapili.

Akapiga. Picha ikatokea kwenye skrini, ikaenda wilaya nzima: tangi jeusi, uwanja wa kijivu, Mheshimiwa wa kijivu akitabasamu. Na katikati ya yote, kitu kimoja tu chenye rangi, tai ya manjano kwenye mpira unaomwaga maji. Kwa kanuni ya Idara yenyewe, hilo ndilo jambo pekee lililokuwa limefanyika siku hiyo.

Jina la Katibu halikutajwa. Mheshimiwa aliingia garini akiwa bado na leso yake, baada ya kuagiza kwa meno yaliyobana kwamba lori la maji lifike Kibuyuni kila siku, kabla hajaamka mtu yeyote mwenye simu.

Garama alibaki na mpira wake mkononi, maji yakimchuruzika viatuni. Simu ikalia. Alikuwa Eunice, na nyuma yake zilisikika sauti za ndugu wa Taru.

"Baba Tsuma, picha tumeiona. Tai tunaiona vizuri sana, mashallah. Sasa watu wanauliza, wewe mwenyewe uko wapi?"