Shikamoo Iliyoyumbisha Boti

Mimi ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuwa nahodha, na kwa jinsi wazee walivyoongea siku ile, nitakuwa wa mwisho.

Sisi ni watu wa Daudi, huku juu Mbulu. Maji tunayajua: ya kupikia, ya kunywesha ng'ombe na ya kubatizia. Maji ya kuelea juu yake kwa raha hayakuwahi kutusumbua akili mpaka mimi niliporudi kutoka Mwanza. Nilikaa kule miezi minane, bandarini, na tangu nirudi sijasema uongo hata mara moja. Nilisema tu kwamba nilikuwa kwenye mambo ya meli. Watu wakamalizia wenyewe, nami kwa adabu sikuwakatiza.

Sasa mwaka huu baba mkubwa Akonaay alitangaza kwamba amechoka. Amekuwa mwenyekiti wa ukoo miaka ishirini na miwili, ameamua ugomvi wa mipaka, ameendesha posa na misiba, na sasa anataka kukaa aote jua. Alisema mrithi wake atapatikana siku ya kwanza ya mapumziko yetu ya mwezi wa nane, tukiisha kuvuna, mbele ya watu wote.

Nilikitaka kile kiti! Nilikitaka mpaka usingizini. Mwenyekiti wa ukoo hukalia kiti chenye mgongo, huletewa supu kabla ya wengine, na akikohoa watu hunyamaza. Mpinzani wangu alikuwa mmoja tu, dada Konsolata, binti wa baba mdogo, mkulima wa vitunguu saumu. Konsolata hana maneno. Nikajiuliza, mtu asiye na maneno atakuwaje mwenyekiti?

Ndipo nikaleta hoja ya kruzi. Niliwaeleza wazee kwamba watu walioendelea hawapumziki nyumbani, hupumzikia melini. Twende Ziwa Basotu, kule Hanang, siku tatu, na siku ya kwanza tupande boti ukoo mzima. Baba mkubwa akauliza boti hiyo itatupeleka wapi. Nikamjibu kwamba haitupeleki popote, inazunguka tu na kurudi pale pale. Akasema hata trekta huzunguka, lakini walau likirudi limelima.

Wakakubali, kwa shingo upande.

Tulifika Basotu asubuhi, watu ishirini na wawili, na masufuria, na mablanketi, na mbuzi mmoja ambaye alikuwa bado hajaambiwa kitu. Mimi nilikuwa nimevaa kofia nyeupe ya nahodha niliyoipata mnadani. Ilikuwa na nanga ya dhahabu mbele, na ilinikaa vizuri mno, mke wangu Evaline akaniomba niivue angalau wakati wa kuombea chai.

Mwenye boti aliitwa Gidamis. Alikuwa pande la mtu, na maneno yake yalikuwa machache kuliko vidole vyake. Alitugawia jaketi za kuokolea, akasema boti inabeba watu ishirini na wawili na hapana kuongeza hata mtoto. Kumi na mmoja wakae kushoto, kumi na mmoja kulia, na asisimame mtu mpaka aseme yeye. Mimi nikayarudia maneno yake yote kwa sauti kubwa zaidi, ili yaonekane yametoka kwangu.

Tukaondoka, masufuria na mbuzi wetu humo humo. Karibu na ufukwe maji yalikuwa hayajatosha kuwasha injini, kwa hiyo Gidamis alikuwa akiisukuma boti kwa mti mrefu, taratibu. Mimi nilisimama mbele kabisa, mkono mmoja nimeshika nguzo ya turubai. Ile sheria ya kutosimama niliona hainihusu, maana mimi nilikuwa uongozi. Nikaanza kuwasimulia mawimbi ya Mwanza. Baba mkubwa alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, na moyoni nilikwisha kukalia kile kiti.

Hapo ndipo bodaboda ikafika ufukweni, na nyuma yake ameketi shangazi Kornelia.

Shangazi Kornelia ndiye mkubwa wa ukoo mzima, dada mkubwa wa baba mkubwa mwenyewe na wa marehemu baba yangu. Ameolewa Nangwa, ana miaka themanini na kitu, na macho yake sasa yanaona watu kama vivuli. Tulijua atakuja jioni. Kumbe alisikia habari za boti, akaona asipitwe. Alishuka kwenye pikipiki, akaegemea fimbo yake, akatazama ziwani.

Mtu mmoja akanong'ona kwamba yule ni shangazi. Ukoo mzima ukasimama!

Naomba nieleweke. Kwetu mzee hasalimiwi umekaa. Pia hasalimiwi kwa jumla kama mkutano wa hadhara. Kila mtu anatoa shikamoo yake, anaitikiwa yake, kisha ndipo anakaa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na waliotulea hawakuwahi kufikiria boti. Watu ishirini na mmoja walijipanga upande wa kushoto, upande aliko shangazi, kwa mpangilio wa umri, na boti ikalala upande huo kama ng'ombe anayetaka kukamuliwa.

Maji yakaanza kuingia. Gidamis akasema tukae. Hakukaa mtu.

"Shikamoo, dada," baba mkubwa akaanza.

"Nani wewe?" shangazi akauliza kutoka nchi kavu.

"Akonaay."

"Aa, Akonaay. Marahaba. Ng'ombe wazima?"

Akaulizwa ng'ombe, akaulizwa mgongo, akaulizwa mvua. Mmoja alikuwa amekwisha, na bado ishirini. Masufuria yalianza kutembea yenyewe kuelekea kushoto, na mbuzi akayafuata.

Nikaona wakati wangu umefika. Uongozi huonekana kwenye shida! Nikapanda juu ya ukingo, nikatoa sauti ya bandarini, nikasema kwamba kwa amri ya nahodha watu wote wakae chini mara moja.

Baba mkubwa akanigeukia polepole.

"Baltazar," akasema, "unaniamuru nikae mbele ya dada yangu?"

Nikamtazama baba mkubwa, nikamtazama shangazi, nikakumbuka kwamba nimesimama mbele ya mkubwa wa ukoo nikiwa na kofia kichwani. Nikaivua haraka, kwa heshima zote, kwa ule mkono uliokuwa umeshika nguzo.

Nilikwenda majini kwa mgongo.

Sitaficha kitu. Nililia. Nilimwita Mungu, nikamwita mama, nikameza maji yanayotosha kumwagilia bustani. Nikamwagiza Evaline awatunze watoto na asiuze lile shamba la bondeni. Evaline hakunijibu, kwa sababu zamu yake ya kusalimia ilikuwa imekaribia na hakutaka kuipoteza.

Ni Konsolata aliyeinama ukingoni.

"Simama, Baltazar," akasema.

Nikasimama. Maji yalinifika magotini.

Kisha yule mtu asiye na maneno akasema maneno yake ya pili siku hiyo. Aliwaambia watu kwamba kila atakayeitikiwa na shangazi ahamie kulia, akae, na kulia wakitimia kumi na mmoja, wanaofuata wakae palepale kushoto. Ni hilo tu. Akaitikiwa mmoja, akahamia kulia. Akaitikiwa wa pili, akamfuata. Kwa kila marahaba boti ikainuka kidogo, mpaka ikasimama sawa, na heshima ya mtu haikuguswa. Gidamis alimtazama Konsolata kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama mimi.

Nami nikaona nisibaki nyuma. Nikiwa palepale majini, jaketi limenipanda hadi masikioni, nikatoa shikamoo yangu.

"Huyo aliye ndani ya maji ni wa nani?" shangazi akauliza.

Baba mkubwa akafikiri. "Tutakuambia baadaye, dada," akasema.

"Nisiyemjua simwitikii," akajibu shangazi, na mambo yakaishia hapo.

Boti ikarudishwa ufukweni kumchukua. Kwa kuwa ilikuwa inabeba watu ishirini na wawili na hapana kuongeza, na shangazi amepanda, ikabidi mmoja ashuke. Hawakupiga kura, maana mimi nilikuwa nimekwisha kushuka. Wakazunguka ziwa saa nzima. Nilisikia wakiimba.

Mchana mbuzi akiwa amekwisha kuambiwa, tulikaa kwenye nyasi kula. Nguo zangu zilikuwa kwenye kamba zikikauka. Nilikuwa nimeazima shati na suruali ya Gidamis, suruali ambayo tungeweza kuivaa mimi na Evaline pamoja na nafasi ikabaki. Niliishika kiunoni kwa mkono mmoja, nikawa nakula kwa mwingine. Baba mkubwa akakohoa. Watu wakanyamaza.

"Baltazar, kule Mwanza, kwenye mambo ya meli, ulikuwa unafanya kazi gani?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia kwenye maji ya magoti. Nikawaza kumtaja injinia, nikawaza kumtaja msaidizi wa nahodha. Kisha nikaitazama ile suruali.

"Nilikuwa napima mizigo, baba mkubwa. Ghalani. Melini sikuwahi kupanda."

Baba mkubwa akalifikiria hilo jibu kwa haki kabisa.

"Sasa si ungetupima?" akasema.

Hapo walicheka mpaka wengine wakalala kwenye nyasi. Nami nikacheka, kwa uchungu kidogo, maana nilijua kiti kinaondoka na ninakiona kikiondoka. Akalitaja jina la Konsolata, akasema anayekubali anyooshe mikono yote miwili, ndivyo ukoo wetu unavyokubali jambo. Wa kwanza kunyoosha alikuwa mke wangu. Punde ikawa mikono iko juu kila upande, na watu wote wakawa wananitazama mimi.

Ningeweza kukataa. Lakini nilikumbuka ile boti ilivyoinuka, na nikaona ni haki yake. Nikanyanyuka, nikanyoosha yote miwili.

Konsolata akapita kwa kauli moja, na suruali ikashuka hadi kwenye nyayo.

Shati lilikuwa refu, namshukuru Mungu, lakini miguu ilibaki hadharani. Shangazi Kornelia akainama mbele, akakaza macho.

"Miguu hii naijua," akasema. "Ni ya mdogo wangu Tomaso, marehemu. Kumbe wewe ni Baltazar?"

"Ndiyo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Sasa pandisha suruali, ukae."