Profesa wa Unga wa Mifupa

Profesa hakuwa mgonjwa. Aliingia kliniki kukwepa jua tu, akajibanza benchi la nyuma, na riziki ikamfuata hapohapo. Mtaalamu wa lishe alikuwa akiwaeleza akina mama kwamba kuna wanga ambao utumbo mwembamba hauwezi kuusaga. Hushuka ulivyo hadi utumbo mpana, vijidudu vya huko vikauchachusha, ikatokea asidi inayoyeyusha kalsiamu, na mwili ukaifyonza badala ya kuitupa.

Profesa, ambaye shule aliipita kwa nje, alisisimka mwili mzima. Akatoka mbio. Laiti angengoja! Mtaalamu ndiyo kwanza alikuwa anafikia onyo: si makapi yote yasiyosagika tumboni yanafaa. Pumba, kwa mfano, huweza kuing'ang'ania kalsiamu na kutoka nayo.

Na pumba ndizo alizozikimbilia, kwenye mashine ya kusaga, karibu bure. Akazichekecha, akazitia mdalasini, akavaa koti jeupe alilolipata kwa kumlaghai muuza nyama, na "Unga wa Mifupa" ukaingia sokoni. Watu wakaugombania. Mkoba wake ukafura kwa noti.

Ndipo alipoitwa na bibi mmoja mwenye fimbo, katika sebule yenye viti viwili tu.

"Samani ziko kwa fundi," bibi alisema, akiugulia magoti. "Mwanangu, kwa nini uhangaike na rejareja? Niuzie mimi wote. Wapangaji wangu watanunua kwangu, tena kwa bei nitakayo."

Profesa alimeza mate. Tamaa ya mwenzake ilimpendeza kuliko muziki.

"Uwakala una dhamana yake, bibi."

"Nitatoa. Lakini nimeshalishwa mengi mimi. Kunywa kwanza nione."

"Hilo tu?" Akakoroga unga kwenye maziwa aliyoandaliwa, akanywa.

"Mbona kidogo? Au unaiogopa dawa yako mwenyewe?"

Akanywa tena. Na tena, maana heshima ya taaluma ilikuwa mashakani. Vijidudu vya tumboni mwake, ambavyo havijawahi kuandaliwa karamu ya namna ile, vilianza shangwe.

"Bibi... choo kiko wapi?"

"Uani, baba. Mkoba uache, nitakuangalizia."

Hakuwa na nafasi ya kujadiliana.

Aliporudi, bibi hayupo, mkoba haupo. Dirishani akamwona akikata mtaa kwa hatua za askari kwenye gwaride, fimbo begani, mkoba kwapani.

"Mwizi! Mkamateni!"

Mlango ukafunguka. Akasimama mwanamume mnene, amekunja uso.

"Mwizi nani, kama si wewe? Umeingiaje nyumbani kwangu? Ufunguo nimempa bibi mmoja aje kuitazama, anataka kupanga."

Profesa akanyoosha koti, akakusanya ufasaha wake wote. "Mzee wangu, mimi ni daktari bingwa wa—"

Tumbo likamalizia sentensi, kwa kirefu na kwa madaha.

Mwenye nyumba akaziba pua, akaufungua mlango hadi mwisho. "Toka," alisema kwa shida. "Na madirisha uniachie wazi."