Mguu Wangu na Paa la Ghala

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimepata kazi ya filamu! Hatimaye sanaa imenikumbuka. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, kaja mbio mchana, redio ya upepo kiunoni, jasho usoni. Yeye ni msaidizi wa mwongozaji. Mwigizaji wao mmoja kashikwa na matubwitubwi, mashavu yamejaa kama mito ya kulalia. Alikuwa aigize mlinzi wa ghala. Mlinzi anawakimbia majambazi, anapanda juu ya paa, anaruka. Mwongozaji anataka uso na kuruka vionekane katika picha moja, bila kukata. Kwa hiyo anatafutwa mwigizaji anayeruka mwenyewe. Mpwa wangu akasema, Mjomba, si ulikuwa unaruka wewe?

Nikasema nilikuwa naruka kabla ya kunywa chai.

Na ni kweli niliruka. Ukuta wa jirani. Ukuta wenyewe ulikuwa mfupi, ila mbwa alikuwa mrefu. Mtoto huyu nimemsimulia tangu ananyonya, na kila mwaka ukuta ule umepanda kidogo. Sasa umefika orofa ya tatu. Shemeji, baba yake, ambaye naishi kwake, alicheka mpaka akapaliwa. Akauliza mbona balbu ya sebuleni namwachia dada yangu abadilishe. Nikamjibu kwamba mtu wa maghorofa hahangaiki na vistuli. Hana hoja huyu.

Lakini usiku nilijaribu kistuli kimoja, nikashuka upesi.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimeliona ghala. Mungu wangu! Kunguru wamekaa kwenye paa lile, na hata wao wanaonekana wamejishikilia.

Chini watapanga maboksi matupu, juu yake godoro nene. Fundi wa kuruka, wanamwita Mbavu kwa kuwa zake zote zimewahi kuvunjika, kanieleza niangukie mgongo, kamwe nisiangukie miguu. Nikamwambia enzi zetu tuliangukia kokoto. Akauliza kokoto za ukubwa gani. Nikaenda msalani.

Nilipotoka nikasogeza benchi nikae. Kelele! Kumbe hapa kila kitu kina mwenyewe. Benchi ni la watu wa mandhari, taa ni za watu wa taa, hata giza nadhani lina msimamizi wake.

Mpwa wangu kanivuta pembeni. Huyu alianza kwa kuchemsha chai ya wapiga picha, akabeba nyaya, akashika ule ubao wa kupiga pa!, na leo anasimama bega kwa bega na mwongozaji. Kasema amenidhamini yeye mwenyewe. Mjomba, ukiniangusha hapa namwaga unga. Nikamwambia alale usingizi.

Yeye atalala. Mimi, sidhani.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Akili hizi! Nimefika kazini nachechemea, fimbo mkononi, bandeji gotini. Nikasema pia ya goti imeteleza nikiwa mazoezini. Mtu anayechechemea haruki, hilo hata serikali inalijua. Heshima yangu salama, shingo yangu salama, na mpwa wangu hana lawama, maana ajali ni ajali.

Mpwa wangu alisawajika. Mwongozaji, mama mfupi mwenye sauti ndogo ambayo watu wazima hutimua mbio wakiisikia, alinizunguka kama anayenunua ng'ombe. Nikangoja anifukuze. Akatabasamu! Akasema nitembee tena. Akamwita mpiga picha. Siku nzima wamenipiga picha nachechemea. Naingia nyumbani kwa mlinzi, namkumbatia mke wa kuazima, natoka, narudi. Watu wa taa wakapiga makofi.

Nyumbani nikamweleza Shemeji kwamba nimevumbua mtindo. Akauliza mguu upi. Nikamwonyesha. Akasema wakati naondoka ulikuwa ule mwingine. Fitina tu.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimekwisha.

Kuna dada wa mwendelezo. Kazi yake ni kuhakikisha kilichoonekana kwenye picha moja kinafanana na kilichomo kwenye picha nyingine. Kaja kupiga picha goti langu pande zote. Nikamuuliza kwa mzaha, sasa mlinzi atatokaje ghalani na mguu huu? Akashangaa. Mzee wangu, si anaruka kwanza!

Kanieleza taratibu, kama nesi na mgonjwa. Filamu haipigwi kwa mfuatano. Nyumba ilipatikana Jumatano, ghala linapatikana Ijumaa. Nilichoigiza jana ni mwisho wa hadithi. Mlinzi anachechemea kwa sababu aliruka. Nisiporuka, mguu hauna sababu, na kazi yote ya jana inatupwa. Na kwa kuwa kabla ya kuruka mlinzi ni mzima, kesho nitakimbia bila kuchechemea. Mbavu kanifungua bandeji kwa mkono wake, kabonyeza goti, kasema maajabu, limepona.

Kibaya zaidi, mpwa wangu alikuwa ananionea huruma. Jumanne hiyohiyo, kabla hatujaondoka, alikuwa ameshamlainisha mwongozaji nisiruke, nitokee mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma! Una vidato viwili na mahali pa kushika! Sasa mwongozaji kaufuta mlango. Kasema mguu umeokoa hadithi.

Mguu wangu mwenyewe. Msaliti.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Naandika nimekaa sakafuni, kitanda nakiona kirefu.

Asubuhi nilijificha kwenye gari la mavazi, katikati ya makoti. Mama wa mavazi akapiga ukelele kwamba koti moja linapumua. Mbavu na mpwa wangu wakanipandisha. Juu kule kuna upepo ambao chini haupo. Watu wamekuwa wadogo kama punje. Godoro kama bahasha. Mwongozaji akasema ekshen kwa ile sauti yake ndogo.

Nikalikumbatia tangi la maji. Nikamwita mama, naye ni marehemu. Nikawaita na majambazi waje wanikamate yaishe.

Mpwa wangu alitambaa mpaka nilipo. Akaninong'oneza, Mjomba, uliwahi kuruka kweli? Niambie mimi tu. Ananitazama kama alivyonitazama nikimsimulia akiwa mdogo. Ningeweza kusema. Neno lilikuwa hapa kwenye ulimi.

Nikasema upepo wa siku hizi si ule wa zamani.

Akashika redio, akawaambia wa chini kwamba siwezi, na kosa ni lake, yeye ndiye aliyenileta. Mbavu akavaa koti langu akajiachia kwa mgongo, kimya, kama mtu anayekwenda kulala. Itabidi wakate picha, uso wangu huku, mwili wake kule. Mwongozaji kasema uso wangu pale tangini hajawahi kuupata kwa mwigizaji yeyote. Mpwa wangu hakupata hata sifa moja. Kuanzia kesho amerudishwa kwenye ubao. Redio kapewa mwingine.

Wakati wa kushuka mpwa wangu alinishika mkono mpaka kidato cha mwisho.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nyumba imejaa ndugu. Nimewaeleza nilivyoruka. Ghala limefika orofa ya tano, na godoro nimeliondoa, lilikuwa linaharibu simulizi. Shemeji akauliza mbona binti yake haongezi neno. Nikasema kachoka, ule ubao ni mzito. Mpwa wangu akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo havijachafuka.

Ndipo simu ikalia. Mwongozaji mwingine! Kasikia kuna mzee mwenye uso. Anatengeneza filamu ya mpiga mbizi aliyenaswa ndani ya meli iliyozama. Akauliza kama najua kupiga mbizi. Nikasema samaki wananisalimia. Akauliza nani anaweza kunidhamini.

Nikamtaja mpwa wangu.

Baadaye nikajifungia bafuni, nikatia uso kwenye beseni, kujikumbusha tu. Maji yalipogusa pua nilipiga kelele, beseni likapinduka, dada yangu akaja na ufagio akidhani mwizi. Naogopa hata kunawa.

Mpwa wangu bado sijamwambia. Atafurahi.