Matembele ya Werema

Mwaka themanini na nne sabuni ilikuwa haionekani, sukari ilikuwa hadithi, na zahanati zilibaki kuta na benchi. Kitu pekee kilichopatikana Musoma bila foleni ni mafua. Werema wa Nyasho alisikia watu wakipiga chafya mbele na nyuma yake, akatabasamu. Jamani, wengine wakiona ugonjwa huona huruma. Huyu aliona mtaji.

Akachuma matembele kwenye shamba la jirani, akayaanika, akayatwanga na majivu kidogo ili yachukize, maana dawa tamu nani ataiamini? Akajaza makopo ya maziwa ya unga, akadandia lori mpaka gulioni Butiama.

Huko akamwona Eufrasia, mjane muuza dagaa, ameegemea baiskeli yenye tairi mpya. Tairi mpya, mwaka ule!

"Mitishamba mitupu, mama. Inaupa mwili kinga. Mafua yakija yanakuta mlango umefungwa."

"Mbona dawa niliyokuwaga nakunywa haikunisaidia?"

"Ulitoa nini?"

"Nilipewaga bure."

"Umeona! Dawa ya bure haiponyi, wazee walijua. Mgonjwa atoe kitu anachokipenda kweli. Asipotoa, dawa inamcheka."

Eufrasia alifikiria majogoo ambao kijiji kizima kingemtolea, macho yakamng'aa. "Nipe makopo yote."

"Na wewe unapenda nini, mama?"

Aliitazama baiskeli kwa uchungu, akaiachia.

Werema akaenda kwa shangazi yake Nyangi, hapo hapo Butiama, apumzike kabla ya kuiuza baiskeli Bunda. Siku mbili alikula, akaifuta baiskeli, akaizungusha uani. Siku ya tatu wote waliomkoholea gulioni wakamlipa: homa, chafya, miguu haimbebi.

Shangazi akatoka mbio kutafuta dawa. Akarudi na Eufrasia mwenye kopo, na nyuma yao mzee Bernado, aliyekuwa amempa Eufrasia jogoo wake asubuhi ile kwa dawa ya mjukuu.

"Kumbe mgonjwa ni mwenye dawa!" Eufrasia alisema kwa sauti. "Basi masharti anayajua. Anapenda nini?"

"Baiskeli," shangazi akajibu upesi. "Analala ameishika."

"Mimi nitapona tu," Werema akaguna. "Bila dawa."

Bernado alihamisha fimbo kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. "Bila dawa? Yako mwenyewe huiamini?"

Werema aliitazama fimbo. Ilikuwa nene, na mzee alikuwa mzima wa afya.

"Naiamini, mzee wangu. Wachukue baiskeli."

Akanywa kikombe kizima, majivu yakamganda kwenye meno. Eufrasia akainama kumfuta mdomo, akamnong'oneza: "Nilionja siku ile ile ulipoondoka, mwanangu. Matembele nimepikaga miaka thelathini, nisiyajue?"

Kisha akasimama. "Atapona! Huyu amelipa vizuri."

Akaipanda baiskeli yake kwenda sokoni Bunda, na jogoo wa Bernado amefungwa nyuma. Shangazi Nyangi akakoroga kikombe cha pili.