Mkaa Mweupe wa Piusi

Jumatatu, 2 Juni
Ukungu tangu asubuhi. Mama Anneth, meneja wa loji iliyo nyuma ya stendi, amepita kwenye jiko langu. Anatafuta mchoma nyama wa kudumu, kila Jumamosi, bustanini, mbele ya wageni. Jumamosi hii tunajaribiwa wawili: mimi na Piusi wa ng'ambo ya barabara. Nimemshauri asipoteze muda na Piusi. Akasema ameshakula kwa Piusi mara nyingi. Mara nyingi! Kwangu hajaonja hata mshikaki. Kuna mtu ananisema vibaya hapa Karatu, na namjua.

Kazi hii lazima niipate. Esta, mke wangu, amesema nikiikosa jiko linauzwa na mimi nakwenda Mang'ola kuvuna vitunguu kwa kaka yake. Nimeshavuna vitunguu kwa shemeji. Mgongo haujasahau.

Jumanne, 3 Juni
Nimemchunguza Piusi nikiwa nyuma ya kibanda cha vocha. Anawasha mkaa, halafu anakaa. Anakaa tu. Wateja wamefika, nyama iko kwenye beseni, yeye anaongelea mpira. Mimi mafuta ya taa yakishika tu, nyama iko juu ya wavu, ndimi za moto zinairukia. Mteja anaona kazi.

Halafu nikaona jambo. Anapoweka nyama, mkaa wake ni mweupe. Wangu huwa mweusi. Na wote tunanunua kwa mama mmoja wa kule kijijini Daa! Gunia moja litatoaje mkaa wa rangi mbili? Anaupaka kitu.

Jumatano, 4 Juni
Nimemuuliza yule mama wa Daa kama anamuuzia Piusi mkaa mweupe kwa siri. Ameniangalia sana, akauliza kama nimelala vizuri. Wako pamoja.

Jioni nimemkuta Esta anakula nyama laini kwenye gazeti. Kwangu haijawahi kutoka nyama laini. Nimemuuliza kaitoa wapi. Amesema nisimuulize ninachokijua. Mpaka nyumbani kwangu!

Ijumaa, 6 Juni
Siri nimeipata. Piusi akimaliza kazi anazoa jivu, analitia kwenye ndoo, na ndoo anaifunika. Nani anafunika takataka? Alipokwenda chooni nimechota kopo zima. Jivu laini kama unga wa sembe. Piusi kwisha.

Jumamosi, 7 Juni
Bustanini kwenye loji. Nimewasha, nikanyunyizia jivu. Mkaa ukawa mweupe kuliko wa Piusi, ambaye bado alikuwa amekaa. Mama Anneth akasogea, akasema leo nimejitahidi. Nikaweka mguu mzima wa mbuzi.

Kimya. Nyama haikutoa hata mlio. Moto ulikuwa unazimika chini ya jivu. Nikachukua mfuniko wa sufuria nikapepea kwa nguvu zangu zote.

Mzee mmoja mgeni alikuwa amevaa shuka jipya la Kimasai, jekundu. Halikubaki jekundu. Mama Anneth alikohoa, akafuta miwani, akakohoa tena. Mguu wa mbuzi ungedhani umetoka kwenye simenti. Kazi amepewa Piusi, palepale.

Nimeumia. Nilijificha nyuma ya tangi la maji nikalia, na sitasingizia moshi. Piusi akanifuata na ubavu uliochomwa, akasema kila Jumamosi nitakuwa msaidizi wake, ameshaongea na meneja. Akaniambia hapaki kitu chochote. Mkaa unaachwa uwake wenyewe mpaka ufanye jivu juu, ndipo nyama inawekwa. Jivu la kwenye ndoo ni la choo cha nyumbani kwake. Nisubiri tu, akasema, hakuna zaidi.

Ubavu ulikuwa laini. Nimeula wote.

Jumapili, 8 Juni
Nimelitafakari ibadani tangu wimbo wa kwanza. Mtu hawezi kumpa mshindani wake siri ya kweli, tena bure, tena na ubavu juu. Anataka nikae nikisubiri, wateja wangu wahamie kwake. Kazi ya usaidizi nimeikubali, lakini ni ili nimwone kwa karibu.

Kosa langu lilikuwa moja tu: jivu ni jepesi, linapeperuka. Mchana nimepita duka la vifaa vya ujenzi, nimenunua chokaa. Muuzaji akauliza napaka nyumba gani. Nikalipa, nikaondoka. Nadhani naye anakula kwa Piusi.