Mrututu wa Telesphory

Jumatatu, 3 Machi 1975
Mvua tena. Majani ya nyanya zangu yameingia madoa meusi. Honorata, mke wangu, ametangaza mbele ya mama yake kwamba zikioza na mwaka huu, shamba letu la bonde la Luiche linapandwa mihogo, na msimamizi ni mama mkwe. Mimi nitakuwa wa kubeba miche. Nyanya za jirani Telesphory, ng'ambo ya mtaro tu, kijani kabisa. Mvua ni ileile. Kuna kitu.

Jumanne, 4 Machi
Nimejibanza kwenye migomba kumchungulia. Ana chungu. Ndani, maji ya bluu. Akachovya kisu, akakitazama, akatikisa kichwa. Akaongeza unga mweupe, akachovya tena. Akatabasamu. Mtu mwenye nia njema hachovyi kisu kwenye chungu na kutabasamu.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe aliniona. Amekuja mwenyewe, kamwamkia mama mkwe shikamoo ndefu, kisha kanipa mawe ya bluu. Mrututu, ule tunaopaka vidonda. Na chokaa. Eti Bwana Shamba kamfundisha: mrututu unaua ukungu, chokaa inazuia usiunguze majani. Nichanganyie kwenye chungu, si kwenye debe. Kisu kikitoka chekundu, niongeze chokaa. Nikauliza anataka nini. Akasema hataki kitu, sote ni wanaujamaa. Hapo ndipo aliponitia wasiwasi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemgundua. Anataka niizimue dawa kwa chokaa, yangu iwe dhaifu kuliko yake. Chokaa nimepaka choo. Mrututu wote nimeuloweka kwenye debe langu jipya. Kisu kimetoka chekundu kabisa. Safi! Ukali wote umo. Nimenyunyiza kwa ufagio mpaka jioni.

Jumamosi, 8 Machi
Majani yameungua yote. Debe limetoboka. Mama mkwe kaja na kamba, kapima shamba bila kuniuliza. Nimeachiwa tuta moja, lile ambalo dawa iliisha kabla sijalifikia.

Jumapili, 9 Machi
Telesphory tena. Safari hii kachanganya mwenyewe, kaniletea kwenye chungu chake. Anasema ninyunyize leo, tuta langu litapona, kesho nimrudishie chungu. Honorata nusura alie kwa kushukuru.

Mimi nikakaa kando nikafikiri. Mrututu katoa bure. Chokaa bure. Kazi bure. Lakini chungu anakitaka.

Basi siri iko kwenye chungu. Dawa nimeimwaga mtaroni. Chungu nimekificha uvunguni. Tuone kesho atachanganyia wapi.