Kabureta Mbili kwa Gari la Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua! Jumamosi mama mkwe anafunguliwa bendeji za macho hospitalini. Miaka miwili mtoto wa jicho kamfanya aone watu kama vivuli. Kitu cha kwanza atakachokiona sawasawa kitakuwa gari la marehemu mumewe likinguruma, na mimi kwenye usukani. Si shemeji na gari lake la kusambazia mikate.

Tatizo ni huo mngurumo. Gari ni la zamani, zuri, lakini injini yake hupuliziwa mafuta kwa nozeli na hulia kama cherehani. Nitang'oa nozeli zote, nifunge kabureta mbili. Kabureta ndizo zenye sauti.

Mke wangu kauliza gari linaumwa nini. Nikasema haliumwi. Akauliza sasa natibu nini. Nikajifanya sijasikia.

Mimi ni fundi saa. Nafungua saa za kike zenye skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga. Injini ni saa iliyonenepa tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimezipata! Masizi, makanika wa kona ya pili, kazing'oa kwenye gari bovu linalotagiwa na kuku uani kwake. Mimi nitamtengenezea saa yake ya ukutani.

Kanionya, bila kuulizwa, kwamba pampu ya mafuta nayo niibadilishe. Eti pampu ya nozeli husukuma kwa nguvu mno, na kabureta hutaka kunyweshwa taratibu kama mtoto mchanga. "Hiyo yako ni ya zimamoto," akasema. Nikaitikia kwa heshima. Moyoni nikacheka. Tangu lini nguvu ikazidi?

Jumatano, 5 Machi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Kutoka huko mvunguni ndiko kulikoshindikana. Mke wangu kanivuta miguu kama gunia.

Nimegundua mpira unaorudisha mafuta kutoka kwenye injini hadi tangini. Upuuzi! Mafuta yameshafika, yarudi kufanya nini? Nimeuziba kwa boliti. Vipuri vilivyobaki vimejaa ndoo nzima. Shemeji kapita, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, kauliza kama ndoo ile nayo ni sehemu ya gari. Nikamwambia watengenezaji huzidisha vitu ili waonekane wana akili. Akasema, kwa ule upole wake unaoudhi, kwamba Jumamosi gari la mikate litakuwa tupu kuanzia saa nne. Nikamwambia alijaze mikate.

Alhamisi, 6 Machi

Nimezungusha ufunguo. Kabla injini haijageuka hata mara moja, petroli ikafurika kutoka kabureta zote mbili, ikateremka mpaka kwenye kiatu changu cha kulia. Nikasimama naitazama kama mtu aliyeachiwa maziwa jikoni. Mke wangu hakusimama. Kazima jiko, katoa watoto nje, kaita majirani, na mimi kaniita jina ambalo sitaliandika hapa.

Shemeji kaja na mchanga. Kaumwaga vizuri, sawasawa, bila kutimua vumbi. Hata kumwaga mchanga anajua!

Masizi alisikia harufu toka kona ya pili. Kachungulia uzioni, katikisa kichwa, kaenda zake. Sikumwita. Fundi hamwiti fundi.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Wazo limenijia dukani, nimeshika saa ya mteja kwa kibanio. Kama mafuta ni mengi, si kubana mpira unaoyaleta? Nimeubana kwa kibanio hichohicho, nikikaza kidogo kidogo, kwa sikio. Injini ikawaka. Ikanguruma! Madirisha ya jirani yakatetemeka. Dakika nne kamili. Nikampigia shemeji simu asikilize mwenyewe. Kauliza ni ng'ombe gani huyo. Wivu mtupu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa nje. Mke wangu kasema harufu hii haiingii ndani.

Nilifika hospitalini nikinguruma. Watu wakageuka. Nikasimama mlangoni kabisa, injini ikiwaka, ili mama mkwe aisikie akitoka. Ndipo kibanio kikafyatuka. Petroli ikafurika, injini ikakohoa, ikazima. Nikafungua boneti, nimevaa shati jeupe, nikaukamata mpira kwa vidole. Petroli yote ikanirukia. Mlinzi akapiga filimbi, akafukuza watu, akaniamuru niachie. Nikiachia inamwagika, nikishika inaniogesha! Mwishowe mlinzi akaingiza mkono dirishani, akazima ufunguo, pampu ikatulia. Ufunguo sikuwa nimeufikiria.

Hapo mama mkwe akatoka, mke wangu kamshika mkono. Akapepesa macho. Akanitazama toka nywele hadi viatu.

"Mwanangu, ni wewe?"

Nikasema ni mimi, mama.

"Miaka miwili nilikuona kwenye ukungu," akasema. "Kumbe ule ukungu ulikuwa unakusitiri."

Akalipapasa gari. Akauliza kale kasauti kake kamekwenda wapi. Zamani, akasema, marehemu akirudi kazini, yeye alikuwa anakasikia toka mbali, kakija polepole, anamtengea maji ya kuoga. Nikafunga boneti.

Gari la mikate lilikuwa getini, tupu. Akapanda mbele. Shemeji hakunicheka. Hilo limeniuma kuliko yote. Alinitandikia gunia la unga nyuma, nikarudi nyumbani katikati ya trei.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwomba Masizi msamaha, kwa mdomo wangu mwenyewe. Kalivuta gari toka hospitalini, kachukua ile ndoo, kafanya kazi siku mbili, karudisha kila kitu mahali pake. Alipouzibua mpira wa kurudisha mafuta aliichukua ile boliti, akanitumbukizia mfukoni.

Gari limeanza tena kulia kama cherehani. Jioni nimemzungusha mama mkwe mtaani. Na macho yake mapya, kayafumba makusudi, kasikiliza.

Tuliporudi nimeapa mbele ya mke wangu: injini ya gari hili sitaigusa tena maishani. Kanitaka niandike, nimeandika. Na mimi ni mtu wa neno langu.

Ila njiani nilihesabu gia. Nne tu! Gari la heshima kama hili! Masizi ana giaboksi ya trekta imelala bure uani kwake, na giaboksi, ukiuliza fundi yeyote, si injini. Nimeshaenda kuipima kwa kamba. Imezidi kidogo tu. Kama shubiri tatu.